Amri ya Maswali Mawili

Jeshi la Shirikisho la Mabonde lilipanda Uruwi kuja kusalimia. Hivyo ndivyo vinavyosema vitabu vya shule, na vitabu vya shule huandikwa na watu waliosoma. Lilikuja na vifaru mia nne kwa sababu njia ilikuwa mbaya, na kwa kuwa salamu za Waruwi ni ndefu mno, huu ni mwaka wa thelathini na saba na bado halijamaliza kusalimia.

Tukio hilo linaitwa Ujio wa Kindugu. Palikuwa na wazee walioliita kwa jina jingine, lakini wazee hao walipelekwa kupumzika.

Uruwi ni nchi ya juu, yenye upepo na mawe, na Shirikisho liliihurumia tangu siku ya kwanza. Liliwakuta watu wanahamahama na mahema yao nyuma ya ng'ombe wa manyoya marefu, likawajengea nyumba za saruji katika mistari iliyonyooka, kila nyumba na namba yake. Kwa kuwa ng'ombe hawaingii katika nyumba ya saruji, likawapunguzia na mzigo wa ng'ombe. Liliwakuta wametundika ukutani picha ya Mzee wa Taa, kiongozi wa sala zao, aliyevuka milima kwenda uhamishoni wiki ileile vifaru vilipokuja kusalimia. Likawaomba waitoe. Wakaitoa, wakaacha fremu. Fremu zikapigwa marufuku, wakaacha misumari. Misumari ikang'olewa kwa operesheni ya siku kumi. Pakabaki ukutani mraba mweupe ambao moshi wa jikoni haukuufikia, na watu wakawa wanautazama mraba ule kwa namna ambayo haikumpendeza Kamishna. Ndipo ilipogawiwa rangi ya kijani, makopo mawili kila nyumba, bure. Sijui kama ipo serikali nyingine duniani inayowajali watu wake hadi kwenye kuta zao.

Wala Waruwi hawakuwa watu wasio na shukrani. Kila mwaka makarani wa takwimu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama watu wako salama, na kila nyumba ilijibu, "Salama." Asilimia mia moja. Mwaka mmoja ilipatikana asilimia mia moja na mbili, ikaelezwa kwamba wapo waliofurahi mara mbili.

Aliyejua siri ya takwimu hizo alikuwa Lusaro, Mruwi wa kuzaliwa, karani msaidizi wa muda katika Idara ya Mila Zilizohifadhiwa. Alikuwa wa muda kwa miaka kumi na mmoja. Kazi ya Idara ilikuwa kuzitunza mila za Waruwi zisipotee, na mila ikishatunzwa ilitiwa ndani ya kabati la kioo, kabati likafungwa, na mtu aliyeonekana akiifanya nje ya kabati alichukuliwa hatua.

*

Siri yenyewe kila mtoto wa Kiruwi anaijua. Mruwi haulizwi mara moja akasema. Ukimwuliza hali, jibu la kwanza ni la kukupumzisha wewe, maana mgeni hatwishwi mzigo mlangoni. Ukimwuliza tena, jibu la pili ni la kuistiri nyumba yake. Ukitaka kweli, huna budi kuketi chini karibu naye, magoti yenu yakaribiane, umwulize mara ya tatu. Hapo atasema. Waruwi wana wezi na walevi, na waongo wanao wa kutosha kama watu wengine, lakini mwongo wa jibu la tatu alikuwa hajasikika. "La kwanza la mgeni," watoto hufundishwa, "la pili la nyumba, la tatu la moyo."

Hata kifo hakina njia nyingine ya kutangazwa. Mtu wa damu ya marehemu lazima aje, aketi, aulize mara tatu, na jibu la tatu ndilo linalofungua matanga. Asipokuja wa kuuliza, taa ya marehemu haiwashwi, na marehemu, awe amezikwa popote na yeyote, anahesabiwa kuwa bado yuko njiani, hajafika.

Kwa miaka thelathini na saba hakuna ofisa wa Shirikisho aliyewahi kuketi chini katika nyumba ya Mruwi. Suruali za sare zilikuwa na mkunjo wa pasi.

*

Mambo yaliharibika Shirikisho lilipotamani kiti katika Baraza la Haki la Ulimwengu. Baraza likasema kiti kipo, ila kwanza watu wa nje waruhusiwe kupiga filamu ya hali halisi ya maisha ya Waruwi, na waruhusiwe kumwuliza yeyote chochote.

Kamishna Mwangavu, mtawala wa Uruwi, aliufurahia sana msemo huo wa hali halisi, akaagiza itengenezwe mapema. Aliwakusanya wafanyakazi wa idara zote katika ukumbi akawahutubia kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi hatuna la kuficha. Na tulilonalo la kuficha, lifichwe kabla ya Jumatatu."

Kisha akataka kila idara iseme kama inaona hatari yoyote. Idara ya Barabara ikasema haioni. Idara ya Afya ikasema haioni. Lusaro alirudi mezani kwake akaandika kurasa mbili zenye kichwa *Maelezo Mafupi Juu ya Desturi ya Kuuliza Mara Tatu*. Hakuna aliyemlazimisha. Alieleza la kwanza na la pili na la tatu, akaeleza kuketi na magoti, akataja kwamba takwimu zote za Shirikisho zimejengwa juu ya jibu la kwanza, na kwamba mgeni mwenye subira akiuliza mara ya tatu atasikia mambo mengine. Aliandika vizuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba aliandika vizuri, na alipokuwa akiandika alikuwa na furaha.

Maelezo yalikwisha katikati ya ukurasa wa pili. Nusu ya chini ikabaki tupu, akaona inachukiza macho. Akaongeza kichwa kingine, *Mapendekezo*, na chini yake sentensi moja: kwamba pengine ingefaa mwananchi asiulizwe swali lilelile zaidi ya mara mbili.

Siku ya nne ikatoka Amri ya Kulinda Faragha ya Mwananchi Dhidi ya Maswali ya Kurudiarudia. Siku ya tano Lusaro alipewa chumba chenye mlango, na juu ya mlango jina lake kwa herufi za shaba. Neno "wa muda" lilifutwa.

*

Amri hiyo ilipokelewa kwa shangwe, kwa sababu shangwe ilikuwa kifungu cha tisa.

Shida ndogondogo hazikukosekana. Kwa Waruwi, bibi harusi hukataa mara mbili kwa heshima na kukubali mara ya tatu. Katika mwezi wa kwanza wa Amri mabibi harusi arobaini na mmoja walikataa mara mbili mbele ya jamaa waliokwisha kushiba, na mashekhe wa sala wakafunga vitabu vyao wakaenda nyumbani. Ilibidi Idara itoe fomu ya Kibali cha Swali la Tatu (Ndoa Tu), ya kujazwa nakala sita. Mahakamani kila mshtakiwa alikana mara mbili, na hakimu, asiyeweza kuuliza tena, alimfunga kwa kukadiria. Katika hospitali ya wilaya mzee mmoja aliyeshikwa na tumbo aliulizwa kama anaumwa, akasema hajambo. Daktari alimtazama usoni, akauliza tena, mzee akasema hajambo. Daktari akatazama tangazo lililobandikwa ukutani. Mzee akaandikiwa kuwa ni mzima, akaenda nyumbani, akafa Ijumaa akiwa mzima.

Wakaajiriwa Wakaguzi wa Maswali mia tatu, kila mmoja na kimashine cha kuhesabia cha kubonyeza kwa dole gumba. Walisimama sokoni, visimani, na kwenye milango ya nyumba za sala. Tik, tik, halafu mkono juu.

*

Lusaro alilelewa na mama yake mkubwa, Nyandeo, baada ya mama yake mzazi kufariki. Alilala kitanda kimoja na Kadiro, mwana pekee wa Nyandeo, wakala sahani moja, wakapigwa kwa makosa ya pamoja. Walipokua, Lusaro akashuka mjini kusoma sekondari, Kadiro akabaki kijijini Selabo akaoa mke aitwaye Mirembo.

Miaka minne kabla ya Amri, reli ya Shirikisho ilifika Selabo. Treni zikawa zinapanda tupu na kushuka zimejaa mawe yaliyofunikwa turubai. Kadiro akaenda stesheni akamwuliza mkuu wa stesheni kwa adabu, mabehewa yale yanachukua nini. Akajibiwa ni maendeleo. Akauliza tena, akajibiwa ni maendeleo. Basi akaketi chini pale jukwaani, miguuni mwa mkuu wa stesheni, akamwuliza mara ya tatu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wapo watu ambao jibu la tatu kwao halipo.

Akachukuliwa kwenda Chuo cha Shukrani. Familia iliambiwa kozi ni ya miezi sita.

Mwaka wa pili mtu mmoja alirudi kutoka chuoni, meno ya mbele hana. Akapita nyumbani kwa Nyandeo, akaketi naye ndani, na alipotoka alikuwa amevua kofia. Kijiji kizima kilimwona akitoka bila kofia, na kijiji kizima kikajua. Lakini kujua si kuulizwa. Nyandeo hakuweza kuwasha taa ya mwanawe mpaka aulizwe mara tatu na mtu wa damu, na mtu wa damu aliyebaki ulimwenguni alikuwa mmoja tu, naye alikuwa karani mjini.

Karani alikuja kila mwaka mpya, kwa gari la Idara. Alisimama mlangoni akauliza kama watu wa nyumba wako salama. Nyandeo alijibu, "Salama, mwanangu." Wakati mwingine Lusaro aliuliza tena. Nyandeo alijibu, akasogea kidogo kwenye mkeka wake kuacha nafasi ya mtu kuketi. Na kila mwaka Lusaro alikumbuka kwamba dereva anamngoja.

*

Mpiga filamu alikuwa mtu mrefu mwenye masikio mekundu, jina lake Orsen, kutoka nchi ya mbali inayosifika kwa samaki na uadilifu. Alikuja na wasaidizi wawili na kamera moja. Lusaro akawekwa kuwa mkalimani wake.

Selabo palikuwa pametayarishwa. Ng'ombe themanini wa manyoya marefu waliletwa kwa malori kutoka shamba la jeshi, wakawekwa malishoni, na Waruwi wakapangwa kando yao. Vijana walikuwa wamesahau namna ya kusimama karibu na ng'ombe, ng'ombe nao walikuwa wamezoea wanajeshi, kila ilipopulizwa filimbi walijipanga mstari. Orsen alipiga hayo yote. Mchana alitaka kuingia katika nyumba ya mtu wa kawaida. Kamishna alikwisha kuchagua nyumba namba 26, kwa sababu dirisha lake lilitazama reli. Ilikuwa nyumba ya Nyandeo.

Lusaro hakusema kwamba huyo ni mama yake mkubwa. Hakuulizwa.

Nyandeo alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya dirisha, amevaa nguo ya sikukuu iliyotolewa na Idara, mikono mirefu ikimfunika vidole. Mirembo alikuwa jikoni akichemsha chai ya chumvi. Mlangoni alisimama Mkaguzi wa Maswali, kimashine mkononi. Orsen aliuliza habari za shayiri, za majira ya baridi, za rangi ile ya kijani. Majibu yalikuwa mazuri. Halafu akauliza kama bibi ana watoto.

Lusaro akauliza kwa Kiruwi, amesimama.

"Ninaye mmoja," Nyandeo alisema. "Yuko salama."

Tik.

Orsen akamwambia Lusaro kwa sauti ya chini kwamba ameona kitu usoni mwa yule mama, amwulize tena kuhusu mtoto.

"Mwanao hajambo, mama mkubwa?" Lilimtoka bila kufikiri, lile neno mama mkubwa. Mgeni hakujua Kiruwi, na Mkaguzi alikuwa akihesabu tu.

"Yuko salama, mwanangu."

Tik.

Kisha Nyandeo akasogea. Alikusanya nguo yake, akajivuta upande wa ukuta, akaacha kwenye mkeka nafasi ya mtu mmoja kamili. Akaipangusa kwa kiganja. Akamtazama Lusaro. Kamera ilikuwa ikienda. Jikoni Mirembo aliacha kukoroga.

Orsen akauliza mbona amesogea.

"Wazee huchoka," Lusaro akamjibu.

"Nadhani anataka kusema jambo. Tumwulize tena?"

Mkaguzi hakuwa ameelewa neno hata moja. Mkono wake ulikuwa bado chini. Lusaro angeweza kuketi. Ilikuwa hatua moja na nusu kutoka aliposimama hadi pale palipopanguswa, na alikuja kuipima hatua ile mara nyingi baadaye, katika chumba chake chenye herufi za shaba, kutoka mezani hadi dirishani.

"Amekwisha kujibu, bwana," akasema.

Orsen akafunga daftari lake. Wasaidizi wakaanza kukunja nyaya. Nyandeo akabaki anamtazama mtoto wa mdogo wake, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyekuwa akingoja wageni akakumbuka kwamba hata hivyo kuna kazi za nyumbani.

"Umekula, mwanangu?" akamwuliza.

"Nimekula, mama mkubwa."

"Umekula kweli?"

"Nimekula."

Hapo Nyandeo akashika kiwiko chake, akamvuta mpaka goti lake likagusa mkeka, akamwuliza mara ya tatu. Hakuifikiria Amri. Alikuwa mwanamke wa Kiruwi mwenye mtoto mbele yake, na mtoto alikuwa na midomo mikavu.

"Sijala," Lusaro akasema. "Tangu jana sijala."

Akampa mkate wa shayiri wenye siagi, akaula pale pale amepiga goti moja, machozi yakimtoka, na kamera, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaupiga mkate na machozi. Mlangoni Mkaguzi alisimama ameinua mkono. Lugha hakuijua, lakini alikuwa amefundishwa kutambua swali kwa mkunjo wa sauti, na kufika tatu alijua.

*

Sheria ya Shirikisho haimwonei mtu. Ilitaka ushahidi. Mkaguzi aliandika kwamba anadhani amesikia swali la tatu, na faili likapelekwa kwa mtaalamu wa lugha ya Kiruwi ili aandike nakala kamili ya mazungumzo kutoka katika sauti iliyonaswa na kamera. Mtaalamu wa lugha ya Kiruwi alikuwa na chumba chenye jina lake mlangoni.

Lusaro aliisikiliza sauti ile siku tatu. Angeweza kuandika kwamba mama aliuliza kama kijana amekula, kisha kama ameshiba, kisha kama atachukua na mkate wa njiani. Maswali matatu tofauti, hakuna kosa. Mara moja aliandika hivyo kwenye karatasi, akaiangalia, akaichana, maana nakala nyingine ya sauti hiyo ilikuwa kwa Kamishna, na huenda palikuwa na mtaalamu mwingine. Hapakuwa na mwingine. Alilijua hilo pia. Akaandika: *Umekula? Umekula? Umekula?* Nakala zake zilisifika kwa usahihi.

Nyandeo aliitwa kwenye Semina ya Faragha, wiki tatu, katika ghala la reli lisilo na moto, mwezi wa theluji. Alifundishwa kwamba swali ni mzigo na serikali imemtua. Alirudi akikohoa. Mwezi uliofuata orodha ya waliopunguzwa katika rejista ya Selabo ilipita mezani kwa Lusaro ili aithibitishe tahajia ya majina. Jina la Nyandeo lilikuwa la nne. Lilikuwa limeandikwa sawasawa.

Angekwenda siku hiyohiyo. Lakini filamu ilikuwa inazinduliwa baada ya siku kumi na moja, na yeye alikuwa katibu wa kamati ya viti.

*

Filamu ilizinduliwa katika Ukumbi wa Undugu, mbele ya Waruwi elfu moja na mia mbili walioletwa kwa hiari yao kwa malori. Shirikisho lilikuwa limeipitia na kuipunguza. Ilibaki dakika hamsini na mbili za shayiri, ngoma na ng'ombe wanaojipanga. Swali la kwanza na la pili kuhusu mtoto yalibakizwa, kwa sababu majibu yake yalikuwa mazuri. Kipande cha mkate nacho kiliachwa bila sauti, na juu yake msemaji akaeleza kwamba kijana wa Kiruwi analia kwa kuonja mavuno ya mwaka wa neema.

Kamishna aliketi safu ya mbele. Lusaro aliketi nyuma yake, safu ya pili, katika kiti chenye mto mwekundu.

Nyandeo akaonekana kwenye kitambaa cha filamu, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa. "Ninaye mmoja," akasema, "yuko salama." Likaja swali la pili, na jibu. Kisha akasogea kwenye mkeka, akapangusa nafasi, akatazama mbele, wala hakumtazama mtu mmoja. Kwenye kitambaa kile alikuwa akiwatazama wote.

Nyuma kabisa ya ukumbi kiti kililia. Mtu alikuwa ameinuka na kuketi sakafuni. Kikalia kingine. Safu baada ya safu watu walishuka vitini, wazee wakishikwa na wajukuu, kinamama wakikusanya nguo zao, wakaketi chini magoti yakielekea kwa yule mwanamke. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyefungua mdomo. Wakaguzi sabini walisimama kando ya kuta, madole gumba juu ya vimashine, na hawakusikia cha kubonyeza.

Kamishna aligeuka, akaona ukumbi mzima uko sakafuni. Akamnong'oneza Lusaro hii ni nini.

"Ni heshima, Mheshimiwa."

"Kwa filamu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi na sisi," akasema Kamishna Mwangavu, na kwa kuwa alikuwa mtu mwepesi wa siasa, akavuta suruali yake yenye mkunjo akaketi sakafuni, na safu nzima ya waheshimiwa ikaketi, wake zao na magauni yao, mkuu wa stesheni na kofia yake. Gazeti la asubuhi liliandika kwamba Uruwi nzima iliishiwa nguvu kwa furaha. Kwa wiki mbili ilikuwa lazima filamu zote zitazamwe kutoka sakafuni.

Aliyebaki kitini alikuwa mmoja. Alikaa pale juu, kwenye mto mwekundu, kichwa chake peke yake kikikata mwanga, na alijua kwamba elfu moja na mia mbili waliokuwa nyuma yake, ili wamwone yule mama, iliwabidi watazame kando ya kisogo chake.

*

Jumamosi alipanda Selabo bila gari la Idara. Alitembea kutoka stesheni. Mirembo alimfungulia, akamngoja avue viatu mlangoni, akamkaribisha, akamtilia chai ya chumvi katika kikombe kizuri cha mfuniko. Nyumba ilikuwa imefagiwa. Taa ya Kadiro ilikuwa rafuni, kavu, utambi wake mpya haujaguswa na moto, na kando yake sasa palikuwa na taa ya pili.

Haki ya kujibu ilikuwa imebaki kwa Mirembo. Lusaro aliisogeza chai kando. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba safari hii hatatafuta maneno.

"Shemeji," akasema, "watu wa nyumba hii wako salama?"

"Wako salama, shemeji."

Nje treni ilikuwa ikishuka, mabehewa yamefunikwa turubai. Akangoja ipite.

"Watu wa nyumba hii wako salama?"

"Wako salama, shemeji. Usiwe na wasiwasi."

Akainuka kwenye kiti. Mirembo alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya dirisha, katikati yake hasa, wala hakusogea. Lusaro akaketi sakafuni, kwenye saruji, mbele yake, magoti yakikaribia magoti. Mlango ulikuwa wazi na yeyote angeweza kupita njiani, na hakugeuka kuutazama. Akauliza mara ya tatu, pole pole, kama alivyofundishwa katika nyumba hiyo hiyo na mwanamke ambaye yeye hakumwuliza kamwe mara ya tatu.

Mirembo alitazama koti lake, kola yake, beji ndogo ya Idara aliyosahau kuivua.

"Wote salama, Mheshimiwa," akasema. "Tunaishukuru serikali."

Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akaviinamia viatu vya Lusaro akavigeuza vielekee nje.